Helmeti Isiyo na Lebo

Asubuhi hiyo nilikuwa ghorofa ya tatu ya kituo, nimeinama dirishani, naangusha helmeti. Chini nilikuwa nimemweka askari wa zamu azuie watu wasipite, na yeye alikuwa amesimama mbali kuliko hao watu wenyewe.

"Afande, imefika," akaniita. "Imedunda."

"Imepasuka?"

"Haijapasuka. Ila imeenda kugonga pikipiki ya Mkuu."

Nikashuka. Ilikuwa helmeti nyeupe ya plastiki ngumu, mpya, moja kati ya mbili nilizochukua dukani kwa Kipara. Nikaigeuza nikaibonyeza kila upande kwa vidole gumba. Mchubuko ulikuwepo, ufa hakuna. Ndani, chini ya kitambaa cha kisogoni, lebo yake ilikuwa imekaa vizuri: muhuri wa viwango juu, na chini yake maandishi madogo kama sisimizi.

Ya tatu ilikuwa mezani kwangu, ndani ya mfuko wa vielelezo. Aina ile ile, duka lile lile. Hiyo ilikuwa imepakwa bluu ya kung'aa na mstari wa rangi ya fedha, na ilikuwa imegawanyika kuanzia kwenye paji la uso mpaka sikioni kama biskuti. Lebo haikuwepo. Palikuwa na alama ya gundi tu, mraba mdogo uliokusanya vumbi.

Mwenye helmeti hiyo alikuwa hospitali. Binti mdogo, hajafikisha hata miaka ishirini na tano, aliyekuwa anapenda kuendesha gari lake siku zile ambazo uwanja wa mbio unafunguliwa kwa watu wa kawaida. Gari liliteleza kwenye kona, likaenda kulala kwenye ukuta wa matairi. Wenzake waliniambia kwamba ajali kama ile mtu anatoka anacheka. Yeye kichwa chake kiligonga bomba la ndani ya gari, helmeti ikafunguka, na sasa mkono wake wa kushoto hausikii tena anachouambia.

Baba yake ndiye aliyeleta malalamiko. Alikuwa fundi wa kupuliza rangi za magari, mzee mmoja mwenye adabu mpaka unaona aibu kumwambia asubiri. Kila asubuhi alinitumia ujumbe. Siku hiyo pia ulikuwa umeshaingia: "Habari za asubuhi mwanangu. Yule mtu ameshakubali?"

Yule mtu alikuwa Kipara, muuza helmeti, na kesho yake alikuwa anapelekwa mahakamani.

Mkuu akanikuta nayo mkononi ile iliyodunda.

"Ndiyo nini hii?"

"Ya dukani kwake. Ni nzima."

"Za dukani lazima ziwe nzima, ndizo anazoonyesha watu. Yule mtoto aliuziwa ya bandia. Lebo iko wapi?"

"Haipo."

"Basi. Imetolewa kwa sababu haikuwahi kuwa na muhuri. Una mpaka jioni. Na pikipiki yangu tutaizungumza."

Nikaenda mahabusu. Kipara alikuwa amekaa na mgongo ukutani, na kile kichwa chake kinachong'aa ndicho pekee kilichokuwa kisafi mle ndani.

"Umelalaje?"

"Nimelala macho. Umeniletea nini?"

"Maswali."

"Hayo nimeshiba."

"Niambie ulivyomuuzia. Tangu alipoingia dukani."

Akashusha pumzi, akaanza kwa sauti ya mtu aliyerudia jambo mpaka limemchosha.

"Aliingia na picha kwenye simu, helmeti za wale wakubwa wa kwenye televisheni. Nikamwambia, binti, ukinunua hiyo itabidi uuze gari, halafu utakuwa unatembea kwa miguu na helmeti kichwani. Akacheka. Akaniambia anataka ya bei ya chini lakini isimuue. Kwa maneno hayo hayo."

"Ukampa ya bei ya chini."

"Ngoja. Nilikuwa na mtumba mmoja wa faiba. Mzuri, unavutia, ulivaliwa na mtu mwenye hela zake. Akaupenda. Nikamkatalia. Mtumba sijui umeanguka mara ngapi, afande. Helmeti ikigonga mara moja imekwisha hata kama kwa nje inameremeta. Nikamwambia chukua hii ya plastiki. Sura haina, lakini haijawahi kugongwa na mtu. Nikamvalisha, nikamwambia tikisa kichwa. Mashavu yakabanwa, mdomo ukawa kama wa samaki. Nikamwambia hiyo ndiyo saizi yako, ukiweza kutafuna bigijii ndani yake ujue ni kubwa."

"Na lebo?"

"Ilikuwepo. Aliisoma mwenyewe, kwa sauti, amesimama mlangoni penye mwanga. Yote, mpaka yale madogo. Nikamtania kwamba anasoma kama anataka kuolewa na kiwanda."

"Una shahidi?"

"Ningejua ningealika mtaa mzima." Akanitazama. "Mke wangu jana ameambiwa na watu dukani kwamba mimi ni muuaji. Afunge duka au asifunge?"

Nikatoka.

Uwanja wa mbio siku isiyo na mbio ni lami na upepo tu. Mkaguzi nilimkuta kwenye kibanda chake cha mabati karibu na lango, anapiga mswaki mikanda ya usalama. Yeye ndiye anayeangalia kila gari na kila helmeti kabla mtu hajaruhusiwa kuingia.

"Umekuja kunifunga na mimi," akasema.

"Inategemea. Ulimpitisha binti akiwa na helmeti isiyo na lebo?"

"Hapana."

"Hii hapa haina."

"Mimi nilipoikagua ilikuwa nayo. Bila lebo hupiti hapa. Hata angekuwa mama yangu mzazi."

"Kila mtu anasema hivyo baada ya ajali."

Akaacha mswaki. Akanipeleka nyuma ya kibanda. Kulikuwa na rafu ndefu ya mbao, imejaa helmeti: nyeusi, nyekundu, nyingine imechorwa moto, nyingine ina miwani ya dhahabu.

"Nilizokataa. Wenyewe wanatukana, wanaziacha, wanasema watarudi na wakubwa wao. Hiyo yenye moto ni ya daktari. Ananunua matairi ya bei mbaya, breki za bei mbaya, halafu kichwa anakinunulia mabaki. Nimemwambia, daktari, wewe ndiye utakayejishona?"

"Sawa. Lakini ya binti, utanionyesha nini zaidi ya maneno?"

"Si nilibandika stika? Nikishaikagua helmeti nabandika stika ya duara, kushoto, juu ya sikio. Rangi yake ni ya msimu huu. Ikishabandikwa siangalii tena mpaka msimu uishe."

Nikaitoa helmeti kwenye mfuko. Stika ilikuwepo, kijani, juu ya sikio la kushoto. Nilikuwa nimeiona tangu siku ya kwanza na kuiruka kama mtu anavyoruka tangazo.

"Unaweza kuwa ulibandika bila kufunua ndani," nikasema.

"Naweza. Lakini siku ile kwenye foleni walikuwepo watu kumi nyuma yake, na wawili niliwarudisha kwa ajili ya lebo hiyo hiyo. Waulize, bado wananichukia. Sasa nimrudishe mtu mzima na gari lake, nimwachie mtoto?"

Nikaipeleka helmeti mlangoni penye mwanga. Nikapitisha ukucha kutoka kwenye bluu kuelekea kwenye stika. Kama stika ingebandikwa juu ya rangi, ukucha ungepanda. Ukucha ukashuka. Rangi ilikuwa imeinuka kuzunguka duara lote, ukingo mmoja safi, bila tone lililovuka. Kuna mtu alifunika stika kwa tepu ya karatasi, akaikata kwa wembe kufuata duara, akapuliza, halafu akaibandua taratibu.

"Siku uliyoikagua ilikuwa rangi gani?"

"Nyeupe. Nyeupe kama yai. Hiyo bluu alikuja nayo mara ya pili. Tuliishangilia, alikuwa ameng'aa mwenyewe kuliko helmeti."

Basi Kipara alikuwa amesema kweli. Helmeti ilitoka dukani na lebo, ikafika langoni na lebo, ikapakwa rangi baadaye. Lebo iliondolewa nyumbani. Mkaguzi akanipa namba za wale wawili waliorudishwa, nikawapigia nikiwa bado nimesimama pale. Wa kwanza alimtukana mkaguzi kabla sijamaliza kujitambulisha. Wa pili akasema ndiyo, mkaguzi alifunua helmeti ya kila mtu siku ile, "mpaka ya yule msichana, na yeye ndiye pekee aliyemshukuru."

Karakana ya fundi rangi ilikuwa nyuma ya duka la vipuri. Alikuwa anasugua bampa la gari jeupe kwa msasa laini. Aliponiona akafuta mikono mara mbili kabla ya kunipa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Ameshakubali?"

"Bado. Nina maswali machache tu, ya kukamilisha faili. Ile rangi ya helmeti uliipiga wewe?"

Uso wake ukabadilika. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue aliacha kuonekana mgonjwa.

"Mimi. Umeiona ile kazi? Mstari wa fedha ule niliuchora kwa mkono. Na stika yao sikuigusa, niliizunguka. Nikaiacha pale pale."

"Ulipaka lini?"

"Baada ya siku yake ya kwanza uwanjani. Alirudi salama, nikaona haya yashakuwa. Nitamkataza mpaka lini? Nilikuwa nimemnunia muda mrefu, mwanangu. Mtu unakaa na mwanao nyumba moja mnapitana kama wapangaji. Nikasema basi, mimi najua kupuliza rangi, sijui kusema samahani. Nikaichukua helmeti."

"Ulianza na nini?"

"Kusafisha. Rangi bila kusafisha inabanduka." Akanyoosha mkono kwenye kopo kubwa lililokuwa juu ya benchi. "Niliifuta na thina. Tena si mara moja kama bampa za wateja. Nikaifuta, nikaiacha, nikaifuta tena mpaka kitambaa kikatoka cheupe. Plastiki ina mafuta ya kiwandani, usipoyatoa rangi haishiki. Bampa nafuta kila siku, sijawahi kurudishiwa kazi."

Harufu ya thina ilikuwa imejaa mle ndani, ile kali ya kuyeyushia rangi, mpaka macho yalikuwa yananiwasha.

"Ndani yake uliona lebo yoyote?"

"Hapana. Nilitafuta. Mimi kitu nisichokijua nasoma kwanza maelekezo, hata dawa ya mafua. Nikafunua mpaka kitambaa. Hakukuwa na kitu, alama ya gundi tu. Hapo ndipo ningepaswa kujua yule mtu ni mwizi. Sikuwaza." Akarudi kwenye bampa, akasugua pahala pamoja. "Mwambie hakimu hivyo. Kwamba nilitafuta, hapakuwa na kitu."

"Naomba thina kidogo, mzee."

"Ya nini?"

"Kuna doa kituoni nataka kulitoa."

Akanijazia chupa ya maji nusu, akaifunga vizuri, akaifuta kwa nje isinichafue nguo. "Usishike na mikono mitupu," akaniambia.

Kwenye gari nikachukua ile helmeti ya pili ya Kipara, ambayo sikuwa nimeiangusha bado. Nikafunua kitambaa cha kisogoni. Asubuhi nilikuwa nimeangalia muhuri nikaridhika. Sasa nikapiga picha yale maandishi ya sisimizi, nikayakuza kwenye simu. Mstari wa tatu: usipake rangi, usitumie petroli wala thina wala kiyeyushio chochote, ganda litapoteza nguvu hata kama kwa nje halionyeshi dalili.

Kituoni niliifuta kama mzee alivyoniambia. Nikaifuta, nikaiweka juani, nikaifuta tena. Ilibaki nyeupe vile vile, nzuri tu, labda imefifia kidogo ukiiweka upande. Nikapanda ghorofa ya tatu.

"Pikipiki imeondolewa?" nikamuuliza askari wa zamu.

"Imeondolewa mpaka mtaa wa pili."

Nikaiachia. Safari hii haikudunda. Ilitoa mlio mkavu, kama kikombe, na askari akasimama tu anaitazama.

"Afande," akasema, "hii imekufa."

Nikashuka, nikaokota vipande viwili. Ufa ulikuwa umeanzia kwenye paji la uso.

Wodini binti alikuwa amelazwa karibu na dirisha, shingo imefungwa, nywele zimenyolewa upande mmoja. Mkono wa kushoto ulikuwa umewekwa juu ya mto kama kitu cha mtu mwingine. Maneno yalikuwa yanamjia taratibu lakini yalikuwa yanakuja.

"Dada," akasema. "Baba yuko na wewe?"

"Niko peke yangu."

"Vizuri."

Nikavuta kiti. Nikamwekea mbele ya macho picha ya lebo.

"Hii uliisoma kwa sauti dukani, mlangoni penye mwanga."

Akaitazama muda mrefu.

"Kipara amesema?"

"Amesema. Kila mtu alimwona mwongo. Mkaguzi aliiona langoni. Baba yako aliitafuta hakuiona. Katikati hapo kuna wewe tu."

Akafumba macho. Nilidhani amelala. Nesi akapita, akaangalia dripu, akaondoka.

"Alikuja chumbani kwangu," akasema. "Alikuwa hajaingia chumbani kwangu tangu ninunue gari. Akaichukua helmeti, akaigeuza geuza, akaniuliza, unapenda bluu gani. Ndivyo alivyosema tu. Unapenda bluu gani." Akameza mate kwa shida. "Dada, ungekuwa wewe ungemwambia usipake?"

"Ungemwambia apake gari."

"Gari hakuliomba."

"Kwa hiyo ukang'oa lebo."

"Baba anasoma kila kitu. Angeisoma angeirudisha mezani, angetoka, na asingerudi tena. Nikamwambia niachie niitoe vumbi kwanza. Nikaing'oa kwa kucha. Nilijua wanaandika tu. Hata kwenye mashati wanaandika usipige pasi."

"Iko wapi?"

"Nimeitupa chooni."

Mkono wa kulia ukanishika kiganja. Ulikuwa na nguvu kuliko nilivyotegemea.

"Acha iwe hivyo hivyo, dada. Kipara watampiga faini. Watamfunga kidogo, atatoka. Yule atatoka. Baba hatatoka."

"Kipara ana mke. Jana ametukanwa dukani kwa ajili yake."

"Najua."

"Ndiye aliyekukataza mtumba uliokuwa unaupenda."

"Najua, dada. Najua yote." Machozi yalimtoka upande mmoja tu, upande wa pili haukuwa na habari. "Anakuja hapa kila siku ananinyoosha vidole kimoja kimoja. Anamlaani Kipara huku ananinyoosha vidole. Ukimwambia, atakuja kuninyoosha na nini?"

Nilimwandikisha maelezo yake. Alitia sahihi kwa mkono wa kulia, bila kubishana. Kabla sijatoka akaniuliza kama namwahidi kutomwambia baba yake. Nikachukua mkoba wangu.

Mkuu alisoma faili akiwa amesimama. Aliviangalia vile vipande viwili, akairudia ile picha ya lebo.

"Mlalamikaji ameshajua?"

"Bado."

"Lazima aambiwe leo. Asije akaenda mahakamani kesho amevaa suti."

"Nitamwambia."

"Kipara mtoe."

Kipara alihesabiwa vitu vyake kaunta: mkanda, simu, funguo za duka. Hakuuliza imekuwaje. Aliuliza helmeti zake ziko wapi.

"Moja imechubuka," nikamwambia. "Ya pili imepasuka."

"Imepasukaje?"

"Niliifuta na thina."

Alinitazama, halafu akatazama chini. Alikuwa ameshaelewa, ameuza vitu hivyo nusu ya maisha yake.

"Baba yake ni fundi rangi," akasema polepole.

"Ndiyo."

"Mungu wangu." Akafunga mkanda wake, akakosea tundu, akafungua tena. Nilidhani atanidai, atatukana, ana haki. "Msimwambie huyo mzee kwamba habari ya lebo imetoka kwangu," akasema, akatoka.

Nikakaa mezani. Nilipiga simu ya mzee, ikaita mpaka ikakatika. Karakana ina kelele za mashine. Nikaandika ujumbe, nikaufuta. Nikaandika mwingine mrefu, wenye mkaguzi na stika na ghorofa ya tatu, nao nikaufuta. Mwisho nikaandika hivi:

"Shikamoo mzee. Kesho usiende mahakamani, Kipara ameachiwa. Helmeti ilikuwa nzima ilipotoka dukani, na ilikuwa nzima ilipokaguliwa langoni, kabla ya rangi. Tafadhali nipigie kabla hujaenda wodini."

Nikautuma. Zikatokea alama mbili. Zikawa za bluu hapo hapo, ameshausoma, kwa sababu yule mzee simu yangu alikuwa anaisubiri siku zote, na kila nilichowahi kumwandikia, hata "sawa" tupu, alikuwa anakijibu kabla sijaweka simu chini: asante mwanangu, ubarikiwe mwanangu, pole na kazi.

Nikaweka simu mezani, uso juu, kando ya chupa ya thina aliyonifungia vizuri. Askari wa zamu akaja kuuliza kama avifagie vile vipande vidogo vilivyobaki kule chini. Nikamwambia avifagie. Alifagia, akamaliza, akapanda, akaaga, na simu ilikuwa bado iko vile vile.